Kutoka Unguja na Pemba hadi kumbi za nje: maswali ya wasanii wa chapa

Wanaokuja katika karakana yetu ya chapa kuuliza habari za nje ni wengi kuliko wanaouliza habari za wino. Majibu haya ni yao: vijana wa Mji Mkongwe, wa Ng'ambo, wa Wete na Chake Chake, walioshika patasi na wanaotaka kazi zao zionekane mbali. Mtu wa rangi na turubai naye atapata lake humu, lakini tumeegemea upande wa chapa, na sababu tutaieleza.

Picha ya chapa ni nini hasa? Si sawa na picha iliyotolewa na printa?

Si sawa hata kidogo. Msanii wa chapa anachonga au anachora juu ya kitu: ubao, linoleamu (ile ya kutandika sakafu), bamba la shaba au la zinki, jiwe, au kitambaa cha skrini kilichowambwa kwenye fremu. Anakipaka wino, kisha anauhamishia wino ule kwenye karatasi kwa kukandamiza. Kila karatasi inayotoka ni kazi halisi, kwa sababu hakuna "picha ya asili" iliyofichwa mahali; ubao wenyewe si picha, ni chombo. Ukiupiga picha mchoro wako wa rangi kwa simu na kuutoa kwenye printa ya duka, hiyo ni nakala ya mchoro. Iuze ukitaka, lakini usiiite chapa mbele ya mtu anayejua.

Hata forodha wanatofautisha. Katika orodha ya bidhaa inayotumiwa na forodha za dunia, chapa halisi zina kifungu chao, namba 9702, na sharti ni kwamba bamba au kibao kiwe kimetengenezwa chote kwa mkono wa msanii, bila njia ya mashine wala ya kupiga picha. Namba hiyo ikariri. Itakufaa huko chini.

Kwa nini mnasema chapa inamfaa msanii wa visiwani kuliko turubai?

Kwa sababu ya uzito, na kwa sababu ya pasipoti. Turubai la mita mbili likitoka hapa linataka sanduku la mbao, hamali, boti, wakala wa forodha, ndege na bima. Likishauzwa, basi, limekwenda. Chapa ishirini zinaingia katika bahasha bapa yenye kadibodi mbili. Moja itakuwa Nairobi, moja Kraków, moja kwa mteja wa Hamburg, na wewe bado unayo yako mezani. Msanii ambaye hajawahi kupata viza anaweza kuwa na kazi katika nchi tano kwa wakati mmoja.

Hili ndilo tunalolishikilia kuliko mengine yote: karatasi itangulie, mtu atafuata. Wengi wanataka kinyume chake. Wanahangaikia safari kwanza, na wakifika huko hawana cha kuonyesha isipokuwa picha zilizomo kwenye simu.

Halafu kuna suala la bei. Mwalimu wa skuli hawezi kununua turubai lako kubwa, lakini chapa moja ndogo anaweza. Msanii anayenunuliwa na watu wa kwao hategemei msimu wa watalii peke yake.

Kazi hii ina asili yoyote hapa kwetu, au ni kuiga tu?

Anayeuliza hivi huwa ameegemea mlango wa kuchonga huku kajitanda kanga, au mamake kajitanda. Kuchonga mbao ni ufundi wa hapa tangu zamani, na milango ya Mji Mkongwe ni sehemu ya sifa iliyouingiza mji huu katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Kanga ilianza katika mwambao huu mwishoni mwa karne ya 19, na zile za mwanzo zilipigwa kwa mihuri ya mbao iliyochongwa kwa mkono. Mtambo wa kupiga chapa vitabu Sayyid Barghash aliuweka hapa Unguja, na vitabu vya Kiarabu vikatoka.

Upande wa sanaa ya karatasi, Bara kulikuwa na Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, ambako vijana wengi walijifunza kuchonga bamba na kulitia asidi ili ile mistari. Kusini, kituo cha Rorke's Drift huko Afrika Kusini, kilichoanza mwaka 1962, kililea kizazi kizima cha wachongaji wa linoleamu.

Tahadhari moja kwa mafundi wa milango, kwa sababu wanakuja na wanakuja na mkono mzuri kupita wetu. Fundi wa mlango anafikiria kina: kivuli ndicho kinachoonyesha ua. Kwenye chapa kina hakionekani. Kinachochukua wino ni uso wa juu tu. Ulichokitoa kinabaki cheupe, kiwe na kina cha unywele au cha kidole. Fundi aliyezoea kuzamisha patasi inabidi ajifunze kuridhika na mikwaruzo. Wengine hukasirika siku za mwanzo.

Nianze na vifaa gani, na vinapatikana hapa?

Anza na plaiwudi laini au linoleamu. Linoleamu halisi hutengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa gome la mti wa koki, na ni nadra madukani hapa. Mazulia ya plastiki ya sakafuni ni kitu chengine, ingawa yanachongeka kwa kujifunzia. Linoleamu ikiwa baridi inavunjika, kwa hiyo iweke juani kidogo kabla ya kuchonga. Jua tunalo.

Patasi nzuri mbili au tatu zinashinda seti ya kumi za bei rahisi. Hewa ya chumvi inazila kwa kutu, hivyo zipake mafuta kila unapomaliza na uzifunge kwenye kitambaa kikavu. Wino uwe wa mafuta, wa kazi ya chapa, si rangi ya nyumba. Wakati wa masika wino huo unachelewa mno kukauka na karatasi inavuta unyevu na kujikunja. Wanaojua hupanga kuchonga wakati wa mvua na kupiga chapa wakati wa kiangazi.

Presi, yaani mashine ya kukandamiza, si lazima. Karatasi nyembamba ya Kijapani inachapika kwa kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko cha mbao, au mgongo wa upawa wa kifuu uliosuguliwa ukawa laini. Kwa bamba la shaba presi ya rola haikwepeki, na hapo ndipo inabidi kwenda kwenye karakana yenye nayo.

Karatasi ndiyo ya kutumia fedha. Itafute ya pamba isiyo na asidi, gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba kama una presi. Karatasi ya daftari la kuchorea la skuli itageuka njano, na mtu wa makumbusho anaitambua kwa kuigusa tu. Karatasi safi ihifadhi bapa, juu, mbali na ukuta wa chokaa unaotoa jasho na mbali na mchwa.

Na kumbuka, picha inatoka kinyume. Jina la kanga ukilichonga kama linavyosomeka litatoka kama kwenye kioo. Liandike kwanza kwenye karatasi inayoonyesha upande wa pili, ligeuze, ndipo ulihamishe.

Namba zilizoandikwa chini ya picha, kama 3/20, zina maana gani?

Ya kulia ni idadi ya chapa zote za toleo hilo, ya kushoto ni namba ya karatasi uliyoishika. Kwa kawaida namba huandikwa chini kushoto ya picha, jina la kazi katikati, sahihi na mwaka kulia, na vyote huandikwa kwa penseli. Kalamu ya wino hufifia au kuvuja, na sahihi iliyomo ndani ya ubao haitoshi.

Nje ya hizo 20 msanii huruhusiwa kubaki na chache za kwake, kwa desturi zisizozidi sehemu moja kwa kumi, zinazoandikwa A.P. au E.A., yaani "chapa ya msanii" kwa Kiingereza na kwa Kifaransa; ni alama za kimataifa, ziache kama zilivyo. Zile za majaribio, kabla hujaridhika na wino, ziandike kuwa za majaribio au zichane.

Jambo hili linaonekana dogo na ndilo linalobeba kila kitu. Mnunuzi wa Oslo hakujui. Hajaona karakana yako wala hajui jirani zako. Anachokiamini ni ile 20 uliyoiandika. Ukishaiandika, umeahidi kwamba ya 21 haipo. Weka daftari: jina la kazi, vipimo vya picha na vya karatasi, mwaka, aina ya wino na karatasi, idadi, kila namba imekwenda kwa nani na kwa bei gani. Msimamizi wa makumbusho akikuandikia miaka minane baadaye kuuliza 7/20 iko wapi, daftari lile ndilo litakalojibu.

Toleo limekwisha na wateja bado wanataka. Nikipiga nyengine tano kimya kimya, nani atajua?

Atajua wa kwanza atakayeona 14/20 mbili mtandaoni. Usifanye. Ukiona kazi ina wateja, chonga kibao chengine cha mada ile ile. Huo ni mfululizo, na mifululizo inapendwa. Wengine hupiga toleo jipya kwa rangi nyengine na kuliandika wazi kuwa ni la pili. Inakubalika, ingawa sisi hatuipendi, maana walionunua la kwanza huona wamepunguziwa.

Kibao cha toleo lililokwisha kikwaruze kwa msumari mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe, piga chapa moja ya ushahidi, na uihifadhi pamoja na daftari. Ukichonga kwa njia ya kupunguza, yaani rangi zote kutoka kibao kimoja kinachoendelea kuliwa na patasi, basi kibao chenyewe kinakumalizia ubishi: hakuna cha kurudia.

Bei niweke vipi?

Jua kwanza kwamba nyumba ya sanaa ya Ulaya au Marekani kwa kawaida huchukua nusu ya bei ya mauzo. Wengi wanasikia hivyo wakadhani ni wizi. Wao wanalipa pango, taa, bima na mtu wa kukaa pale siku nzima kukuelezea. Kisichokubalika ni kuchukua nusu yao na kuizuia yako.

Ukiipanga bei, iwe moja popote. Chapa ikiuzwa Berlin kwa euro 200 na wewe unaiachia Forodhani kwa euro 40 kwa sababu mtalii amebembeleza, aliyeko Berlin atasikia, na ataacha kukuuza. Kama unataka kitu cha bei ndogo kwa wapita njia, chonga vibao vidogo, viwe kazi tofauti. Toleo linapokaribia kwisha ni kawaida bei ya namba za mwisho kupanda.

Kazi ukiiacha kwa mtu aiuze, andikianeni: idadi, bei, fungu la kila mmoja, nani analipa usafirishaji, na kazi zisizouzwa zirudi lini. Ukurasa mmoja unatosha. Undugu ubaki, karatasi nayo iwepo.

Nani kutoka Zanzibar amefika mbali kabisa katika sanaa ya macho?

Lubaina Himid, na kwa mbali. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba akiwa mtu wa Komoro na mama Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa. Baba alifariki kwa malaria mtoto akiwa bado mchanga, na mama akarudi naye Uingereza. Alisomea ubunifu wa jukwaa la maigizo Wimbledon, kisha historia ya utamaduni katika Royal College of Art.

Tusijidanganye: kazi yake aliijenga Uingereza, na mengi yaliyomfungulia milango ni ya huko. Kinachotufaa sisi ni namna alivyoijenga. Katika miaka ya 1980 kumbi za London hazikuwa na nafasi kwa wasanii wanawake weusi, naye hakukaa kusubiri. Aliandaa maonyesho mwenyewe, yake na ya wenzake: mwaka 1983 pale Africa Centre, na mwaka 1985 yale ya wasanii wanawake kumi na mmoja katika ICA, ukumbi wa sanaa za kisasa wa London, ambayo yaliwekwa kwenye ujia wa kupitia watu. Ujia! Leo yanahesabiwa katika historia ya sanaa ya Uingereza. Mwaka 2004 alitengeneza watu mia moja wa mbao waliopakwa rangi, wa kimo cha binadamu, kila mmoja mtumwa au mtumishi mwenye jina lake alilozaliwa nalo na lile alilopewa na bwana. Mwaka 2017 akapata tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, pauni 25,000, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Alikuwa na miaka 63, na mwaka ule ule ndipo waandaaji wa tuzo walipoondoa sharti kwamba mshindani awe chini ya miaka 50. Tate Modern, makumbusho ya sanaa ya London, walimfanyia maonyesho makubwa kuanzia Novemba 2021, na ndiye aliyeteuliwa kuiwakilisha Uingereza katika Biennale ya Venice ya 2026, maonyesho ya sanaa ya dunia yanayofanyika Italia kila miaka miwili.

Yeye ni mchoraji wa rangi kwanza, si mtu wa chapa. Lakini Zanzibar haikumtoka. Mwaka 1999 alichora mfululizo alioupa jina la kisiwa hiki, na kanga, pamoja na maandishi yake, imekuwa ikirudi katika kazi zake. Mwaka 2018 alijaza nayo ukumbi wa BALTIC huko Gateshead, Uingereza, vitambaa vikubwa vyenye maneno vikining'inia. Wenye kanga kabatini hapa wamekuwa wakizikata kuwa vitambaa vya kufutia.

Na waliobaki nyumbani wakafika nje? Au lazima uhame?

Si lazima. Tazama Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1932. Chapa alijifunza katika warsha za muda mfupi Ibadan, Oshogbo na Ife miaka ya 1960, akaishi na kufanya kazi Lagos. Bamba lake liliharibiwa na asidi isiyofaa, akaliokoa kwa gundi, na kutokana na hapo akapata njia yake mwenyewe ya chapa zenye miinuko minene. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa Venice. Mwaka 1998 akaanzisha warsha kijijini kwao Agbarha-Otor, na wasanii wa nje wakawa wanamfuata yeye.

John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki mwaka 1987, alichonga linoleamu, zaidi kwa nyeusi na nyeupe, na kuandika habari nzima ndani ya picha: nani yuko wapi, anafanya nini. Mtu wa kanga ataielewa kazi ile bila kufundishwa.

Karibu zaidi, Tanzania ilipokuwa na banda lake la kwanza Venice mwaka 2024, mmoja wa wasanii wanne alikuwa Lute Mwakisopile, mchongaji wa chapa za mbao. Banda zima la nchi, na chapa imo.

Nitume kazi wapi, nikiwa sijulikani na mtu?

Chapa ina maonyesho yake ya kimataifa yanayopokea kazi kwa posta. Anza na madogo. Mini Print International ya Cadaqués, Hispania, ipo tangu mwaka 1981 na picha haizidi sentimita 10 kwa 10. Kuna ada ya kushiriki. Kraków, Poland, wana maonyesho makubwa ya chapa yaliyoanza mwaka 1966. Guanlan, huko Shenzhen nchini China, wana biennale ya chapa tangu mwaka 2007. Ljubljana, Slovenia, ndiyo yenye heshima ya uzee, tangu mwaka 1955, lakini siku hizi wasanii hualikwa na waandaaji, hivyo usikae ukiisubiri.

Soma masharti mpaka mwisho. Wengi hukataliwa kwa vipimo vya karatasi au kwa kutuma kazi iliyopita miaka inayotakiwa, si kwa ubaya wa kazi.

Usiruke jirani. Nafasi Art Space ya Mikocheni, Dar es Salaam, iko tangu mwaka 2008 na wageni wa kimataifa hupita pale kila mara; ni boti moja tu. Artist Proof Studio ya Johannesburg, iliyoanzishwa mwaka 1991, ni skuli na karakana ya chapa kwa pamoja, na inafundisha uchapaji wa kweli kwa Waafrika wenzako bila viza ya Ulaya.

Residensi ni nini, na inaombwaje?

Ni kukaribishwa mahali kwa wiki kadhaa au miezi ili ufanye kazi. Nyengine zinalipa nauli, malazi na posho. Nyengine zinakupa chumba tu. Nyengine zinataka ulipe wewe. Uliza hilo kabla ya kufurahi. Kwa mtu wa chapa swali la pili ni karakana: wana presi ya ukubwa gani, wanaruhusu asidi, kuna fundi? Rijksakademie ya Amsterdam ina karakana za chapa na wasanii hukaa miaka miwili, lakini wanaoomba ni wengi mno.

Wanachotaka kinafanana karibu kila mahali: picha kumi hadi ishirini za kazi, maelezo ya unachotaka kufanya kule, wasifu wa ukurasa mmoja au miwili, na pengine majina ya watu wawili wanaokufahamu. Picha zipigwe mchana kivulini, kamera ikitazamana na karatasi sawasawa, bila kioo na bila kidole chako pembeni. Usiweke kila ulichowahi kufanya. Kazi kumi za mfululizo mmoja zinamwonyesha mtu. Kazi ishirini za mitindo saba zinamficha.

Katika maelezo, acha "napenda sanaa tangu utotoni". Sema unachonga nini, kwa nini, na kwa nini pale. "Nataka kuchapa michoro ya misumari ya shaba ya milango kwa bamba la shaba, na ninyi mna presi na fundi wa asidi" ni sentensi iliyofanya kazi yake.

Viza je?

Balozi nyingi ziko Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu boti na malazi. Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Uingereza ina yake mbali. Waandaaji wakuandikie barua ya mwaliko inayotaja tarehe, mahali pa kulala na nani analipa nini. Wewe lete ushahidi kwamba una kazi hapa na utarudi: usajili wako wa sanaa, taarifa za benki, mikataba. Omba mapema. Ikikataliwa, soma sababu iliyoandikwa na uijibu hiyo, usirudishe fomu ile ile.

Na kazi zako ziwe zimekwisha tangulia kwa posta. Maonyesho yakifunguliwa bila wewe, bado ni maonyesho yako.

Nimepata barua pepe: nimechaguliwa kwa maonyesho Ulaya, lakini nilipe kwanza ada ya ukuta. Nilipe?

Usilipe. Ada ndogo ya kuingia shindano linalojulikana ni jambo la kawaida. Ada kubwa ya kuning'iniza kazi kwa mita ya ukuta ni biashara ya kuwauzia wasanii ukuta, na wanunuzi wa kweli wanajua kumbi hizo na hawaendi. Kwenye wasifu haikusaidii, na pengine inakuharibia.

Kuna na utapeli mwengine: "mnunuzi" anataka picha tatu haraka kwa zawadi ya mke wake, anatuma malipo yaliyozidi bei, kisha anakuomba umrudishie ziada au umlipe msafirishaji wake. Malipo yake yatabatilika, yako hayarudi. Fedha zikae benki zithibitike, ndipo kazi itoke.

Nifunge vipi, na niandike nini kwenye fomu ya forodha?

Bapa ni bora kuliko bomba. Kila chapa iwekwe karatasi laini isiyo na asidi juu yake, zote ziingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa sababu ya unyevu, kisha katikati ya kadibodi mbili ngumu zilizozidi karatasi kila upande. Ukilazimika kutumia bomba, liwe pana, na usiviringishe chapa ambayo wino haujakauka vizuri. Usitume na fremu wala kioo.

Kwenye fomu andika kuwa ni chapa halisi zilizotengenezwa kwa mkono na msanii, idadi, mbinu, mwaka, na ile namba 9702. Ukiandika "karatasi zilizochapwa" tu, upande wa pili wanaweza kuzihesabu kama mabango au kalenda, na mpokeaji atalipishwa visivyo. Zikienda kwa maonyesho na kurudi, liseme hilo, na weka nakala ya kila kitu, la sivyo kazi yako mwenyewe utaikomboa bandarini kama bidhaa ya kigeni.

Nikiuza chapa, nimeuza na haki ya picha?

Hapana. Umeuza karatasi. Haki ya kuitoa picha kwenye fulana, jalada au bahasha ya chai inabaki kwako mpaka uitoe kwa maandishi. Zanzibar ina COSOZA yake, ofisi ya hakimiliki, kama Bara walivyo na COSOTA, jisajili.

Nichonge nini ili wa nje wapende? Milango na majahazi yanauzika.

Yanauzika, ndiyo, na hatumbezi anayelisha watoto kwa jahazi na machweo, wala kwa Tingatinga. Lakini msimamizi wa maonyesho ameyaona majahazi elfu. Anachotafuta ni kitu ambacho usingekichonga kama usingeishi hapa: foleni ya maji mtaani, ukuta wa Beit al-Ajaib baada ya kuanguka Disemba 2020, wanawake wa mwani wa Paje wakiwa wameinama, majamvi ya karafuu barabarani Pemba ambayo gari zinayakwepa.

Wapo wasiotaka kuchonga viumbe wenye roho kwa sababu ya dini, na wanauliza kama hilo litawafungia njia. Halitawafungia. Maandishi, nakshi, ramani, vyombo, vivuli vya majengo: chapa inavipenda hivyo kuliko inavyopenda nyuso. Usimchongee mtu wa nje kitu ambacho huwezi kukitundika kwenu.

Mimi nina watoto wadogo, siwezi kuondoka miezi mitatu. Basi tena?

La, dada yangu. Chapa ndiyo inayokufaa zaidi ya wote: kibao kinawekwa chini mtoto akiamka, kinachukuliwa tena akilala, hakikauki kama rangi. Siku za kupiga chapa tu ndizo zinazotaka mikono isiyokatizwa, na hizo unaweza kuzipanga na shoga yako mkapiga pamoja. Tuma kwa posta, tafuta residensi za wiki mbili au zinazopokea watoto, zipo. Umri wa Himid siku ya tuzo umeshausoma hapo juu.

Kiingereza changu si kizuri.

Majina ya kazi yaache kwa Kiswahili, na chini weka tafsiri fupi. Maelezo yaandike kwanza kwa lugha unayofikiria, kisha mpe mtu anayejua ayatafsiri. Usiyapitishe kwenye programu ukayatuma bila kusomwa na binadamu, yanajulikana. Kwenye mazungumzo ya video omba mkalimani, si aibu.

Kinachohitaji uangalifu kuliko Kiingereza ni jina lako. Liwe vile vile kwenye chapa, kwenye fomu, kwenye akaunti ya benki na kwenye pasipoti. Anayeandika Khamis kwenye karatasi, Hamisi kwenye wasifu na Khamisi kwenye Instagram atatafutwa na asipatikane, na benki ya nje itayarudisha malipo.